Carl Edvard Johansson, fundi aliyevipima vipimo

Kiwanda kinaweza kuwa na chuma kizuri na wafanyakazi hodari, lakini kifaa cha kupimia kikiwa na kasoro, kazi yote inaharibika bila mtu kujua. Tatizo hilo ndilo Carl Edvard Johansson alilitafutia dawa.

Alizaliwa Uswidi mwaka wa 1864, kisha akawa mkaguzi katika kiwanda cha bunduki mjini Eskilstuna. Wakati huo, kila sehemu ya bunduki ilihitaji kipimo chake cha chuma. Vipimo vilikuwa vingi, vililika kwa kutumiwa, na kuvihakiki kulikuwa kazi ngumu.

Mwaka wa 1896, akirudi kwa treni kutoka kiwanda cha Mauser, Ujerumani, alipata wazo: vipande 102 vya chuma ambavyo, vikiunganishwa kwa namna mbalimbali, vinatoa urefu tofauti kama 20,000. Alivisugua nyumbani kwa mashini ya kushona ya mke wake, aliyoigeuza kuwa ya kusugulia chuma. Vilikuwa laini hata vikashikana bila gundi.

Kwa kuwa chuma hutanuka kikipata joto, alichagua kuvipima kwenye digrii 20. Kiwango hicho kilikubaliwa kimataifa mwaka wa 1931.

Mwaka wa 1923 alikwenda Marekani kufanya kazi katika kampuni ya magari ya Ford. Alifariki mwaka wa 1943. Hadi leo, vipande vya aina hiyo hutumiwa viwandani kuhakiki vifaa vya kupimia, kabla ya bidhaa zenyewe kupimwa.