Fannie Lou Hamer: Mama aliyedaiwa risiti ili apige kura

Fannie Lou Hamer alizaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 1917, mtoto wa mwisho kati ya 20 wa familia ya wakulima wa pamba. Agosti 31, 1962 alikwenda mjini Indianola kujiandikisha kupiga kura. Alitakiwa kufafanua kifungu cha katiba, akashindwa. Mwenye shamba alimfukuza, ingawa alikuwa amemtumikia miaka 18.

Januari 1963 alifaulu mtihani. Alipokwenda kupiga kura, alirudishwa: hakuwa na risiti mbili za kodi ya kura.

Sheria ya mwaka 1965 ilikomesha mitihani hiyo Mississippi. Hamer alifariki 1977. Leo Wamarekani wanabishania kitambulisho chenye picha: wengine husema kinazuia udanganyifu, wengine huuliza asiyenacho atapigaje kura.