Kambarage Kabla ya Darasa: Maisha ya Mwalimu Nyerere na Elimu ya Miaka ya Awali

Dar es Salaam.

Barabara itokayo Gongo la Mboto hupanda vilima vya Pugu, na ifikapo Pugu Kajiungeni hugawanyika, mkono mmoja ukielekea Kisarawe na mwingine Chanika. Kila alfajiri daladala hutoka Chanika zikiwa zimejaa wazazi waendao kutafuta riziki Buguruni na Kariakoo, na wengi wao hurejea watoto wakiwa wamekwisha kulala. Ni nani anayemlea na kumfundisha mtoto wa miaka minne katika saa hizo zote? Jirani na njia panda hiyo, katika shule ya Mtakatifu Francis ambayo leo ni Shule ya Sekondari Pugu, aliwahi kufundisha mtu aliyelibeba swali hilo kwa muda mrefu, ingawa yeye mwenyewe hakuingia darasani hadi alipokaribia umri wa miaka 12.

Hayati Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1922 Mwitongo, Butiama, karibu na mwambao wa mashariki wa Ziwa Victoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa mtemi huyo. Katika boma la namna hiyo mtoto hakuwa peke yake hata siku moja. Kambarage alichunga mifugo, alilima pamoja na mama yake, na alisikiliza wazee wakiamua mashauri. Alijifunza pia kucheza bao, mchezo unaomlazimu mchezaji kuhesabu kete kwa haraka na kuona mbele hatua kadhaa. Husimuliwa kwamba ustadi wake katika bao ndio uliomshangaza mtemi wa jirani, akamshauri baba yake ampeleke shule.

Februari 1934 alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mbali na nyumbani, akiwa mwanafunzi wa bweni. Alifika huko akizungumza Kizanaki tu. Kiswahili alijifunza palepale. Hata hivyo, baada ya miezi michache alirushwa darasa. Jambo hilo hutajwa mara nyingi kama ushahidi wa kipaji, na bila shaka kipaji kilikuwapo. Lakini mtoto aliyehesabu kete za bao na kukaa miguuni pa wazee kwa miaka mingi hakuwa ameanza kujifunza siku aliyopewa ubao na chaki.

Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora mwaka 1937, kisha Chuo cha Makerere alikosomea ualimu. Alifundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, na aliporejea mwishoni mwa 1952 akapangiwa Pugu. Mwaka 1953 alichaguliwa kuongoza chama cha TAA, na tarehe 7 Julai, 1954 kikazaliwa TANU. Mara nyingi alitembea kwa miguu takribani kilomita 20 kutoka Pugu hadi mjini kwenye mikutano. Mwaka 1955 alilazimika kuchagua kati ya chaki na siasa, akaacha kazi. Jina la Mwalimu halikumwacha.

Sehemu ya maisha yake inayohusu watoto wadogo zaidi imo katika andiko lake la Machi 1967, Elimu ya Kujitegemea. Humo alikumbusha kwamba jamii za Kiafrika zilielimisha watoto wake kabla ya shule za kikoloni: mtoto alijifunza kwa kuishi na kwa kutenda pamoja na wakubwa. Katika andiko hilohilo alipendekeza umri wa kuanza shule ya msingi usogezwe mbele, kwa sababu walioanza na miaka mitano au sita walimaliza wakiwa wadogo mno kuweza kujitegemea. Nchi ilikuwa na nafasi za shule kwa takribani nusu tu ya watoto wake. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza elimu ya msingi kwa wote ifikiwe ndani ya miaka mitatu, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaweka ulazima wa shule kuanzia miaka 7.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake, na ni haki kuitaja. Fedha na walimu vilielekezwa darasa la kwanza na kuendelea. Miaka sita ya mwanzo ikabaki mikononi mwa familia, vijiji, mashirika ya dini na Umoja wa Wanawake. Mwalimu alitegemea kijiji kilichofanana na Mwitongo, chenye bibi, shangazi na wazee wa baraza. Kwa mtoto wa mjini, aliyefungiwa chumbani na dada wa miaka kumi, kijiji hicho hakikuwapo. Serikali yake ililiona pengo hilo: mwaka 1981, akiwa bado Rais, ilitungwa sheria ya kusimamia vituo vya kulelea watoto wadogo mchana.

Mwalimu aling'atuka Urais mwaka 1985. Aliishi kuiona Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikiitambua rasmi elimu ya awali kwa watoto wa miaka mitano na sita. Alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999 na kuzikwa Butiama. Yaliyofuata hakuyaona: sera ya mwaka 2014 iliyoufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima, kufutwa kwa ada kuanzia Januari 2016, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ambayo inahesabu lishe, afya, ulinzi, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali kuwa kazi moja.

Katika madarasa ya awali ya shule za msingi za Serikali, watoto huanza hesabu kwa vizibo vya soda, vijiti na kokoto, wakizipanga chini na kuzihamisha kutoka fungu moja hadi jingine. Wazee wa Butiama wangeutambua mchezo huo.