Muhammad Kijuma wa Lamu: Mzee wa Khati na Kalamu ya Mwanzi



Huku Nkuhungu, Dodoma, tunakoandikia, watoto wa madrasa huandika alifu na bee kwa penseli au bolpeni. Ni wachache walioiona kalamu ya mwanzi iliyochongwa ncha mshazari. Ndugu zetu wa visiwani mmejaaliwa zaidi: katika masanduku ya baadhi ya nyumba bado zimo barua za mababu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Lakini nani ndani ya nyumba anayeweza kuzisoma? Kwa ajili hiyo tumeona tumtaje mzee aliyeishi kwa khati.

Muhammad bin Abubakar, maarufu kwa jina la Kijuma (wengine huandika Kijumwa), alizaliwa Lamu kiasi cha mwaka 1855, siku za mwisho za Seyyid Said. Alikuwa mshairi, mchonga mbao na mnakili wa vitabu. Alikuwa pia mtu wa ngoma na muziki. Hatulifichi, ila silo lililotuleta hapa. Katika Pate, kisiwa cha jirani, mji wa Siyu ulikwishajulikana kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono. Kijuma yeye alijulikana zaidi kwa tendi za Kiswahili.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko tunavyodhani. Mwanzi haushiki wino mwingi, kwa hiyo mkono hurudi kidauni kila baada ya maneno machache, na unene wa herufi usibadilike. Kisha Kiarabu hakina p, v wala ch. Waandishi wa pwani waliazima: bee ikabeba b na p, kasra ikabeba i na e, dhamma ikabeba u na o. Bata na pata zikaandikwa sawasawa, na kuku na koko vilevile! Mnakili asiyeujua utendi angeuharibu bila kujua. Kijuma aliujua, mwenyewe alitunga utendi wa Fumo Liongo mwaka 1913.

Zama zikageuka. Shule zikashika herufi za Kirumi, na walioagiza nakala kwake wakawa pia wageni wa Ulaya: Alice Werner, William Hichens, na baadaye Ernst Dammann, Mjerumani aliyechapisha tendi za Lamu mwaka 1940. Wapo wanaonung'unika kuwa turathi yetu iliuzwa nje. Uchungu huo tunaufahamu. Lakini karatasi iliyobaki pwani ina maadui wawili, mchwa na unyevu, na mara nyingi hao hushinda. Tena aliyenakili alikuwa mtu wetu, kwa mkono wake, akipata riziki kwa fani aliyojifunza. Aliyeacha kufundisha khati nyumbani hakuwa Kijuma.

Alifariki mwaka 1945, umri ukikaribia miaka 90. Allaah amrehemu na amsamehe. Hati zake nyingi ziko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, na nyingine Ujerumani. Za SOAS baadhi zimewekwa kwenye intaneti. Mwenye barua ya babu sandukuni anaweza kuanza kuzoea mwandiko wa pwani hapo, kabla ya kuifungua yake.