Kikulacho Ki Nguoni: Maisha ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi

Katika historia ya pwani ya kusini ya Kenya, jina la Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui haliwezi kupuuzwa. Kutoka Gazi, mji mdogo ulioko kati ya Diani na Msambweni, aliwasumbua masultani wa Zanzibar na hatimaye Waingereza. Aghalabu husimuliwa kuwa aliangushwa na mizinga. Makala hii fupi inadai kwamba mizinga ilikuja tu kumalizia kazi iliyoanzwa na watu wa nyumba yake mwenyewe.

Mbaruk alizaliwa katika ukoo uliokwisha kuumizwa. Baba yake, Rashid bin Salim, ndiye Mazrui wa mwisho kutawala Mombasa. Mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan aliwakamata wakuu wa ukoo huo kwa hila, nao wakafia uhamishoni. Waliosalia walitawanyika: wengine wakaelekea kaskazini, Takaungu, na wengine kusini, Gazi. Tangu hapo ukoo ukawa na vichwa viwili, na mbegu ya mfarakano ikawa imepandwa.

Alipokuwa mkuu wa Gazi, Mbaruk aliasi mara kadhaa dhidi ya Zanzibar. Kimbilio lake lilikuwa Mwele, boma lililozungukwa na msitu bara ya Gazi, upande wa vilima vya Shimba. Mwaka 1882 jeshi la Sultani Barghash, likiongozwa na Mwingereza Lloyd Mathews, liliuzingira Mwele na kuutwaa. Mbaruk aliponyoka. Ikumbukwe kwamba wengi wa askari wale walikuwa Waafrika waliozungumza Kiswahili kama watetezi wa boma. Amri ya kufyatua na kilio cha aliyepigwa vilitamkwa kwa lugha moja.

Kampuni ya Waingereza ilipokabidhiwa pwani, Mbaruk alipatana nayo na kulipwa ruzuku. Mambo yaliharibika mwaka 1895, alipofariki Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu. Waingereza walimsimika mwanawe, Rashid bin Salim, wakampita mpwa wa marehemu ambaye wengi walimwona kuwa mwenye haki, na ambaye pia aliitwa Mbaruk. Mpwa huyo alishika silaha, akashindwa, akakimbilia Gazi. Sheikh alikuwa njia panda: amtoe mgeni wake, au avunje urafiki na wakubwa? Alichagua damu. Hata hivyo, damu hiyohiyo ilikuwa upande wa pili pia, kwani Rashid bin Salim alibaki na Waingereza. Mazrui akawa anapigana na Mazrui.

Tarehe 17 Agosti 1895 Admirali Harry Rawson aliushambulia Mwele kwa mabaharia wake, pamoja na askari wa Kisudani na wa Zanzibar. Boma lilianguka siku hiyo, na watetezi wakatawanyika msituni. Jeshi lao lilichanganya jamaa, watumwa, watoro na wenyeji, kila kundi na sababu yake ya kupigana. Watu wa namna hiyo wakishatawanyika, si rahisi kuwakusanya tena chini ya bendera moja. Vita viligeuka kuwa vya vikosi vidogo. Hamis bin Kombo wa Mtwapa alijiunga na waasi, lakini wanavijiji walibanwa kati: aliyempa chakula muasi alichomewa nyumba na serikali, na aliyeisaidia serikali alichomewa na waasi.

Wanajeshi kutoka Bara Hindi walipowasili mwaka 1896, Mbaruk hakuwa na pa kusimama. Mwezi Aprili alivuka mpaka na wafuasi wake, wakajisalimisha kwa Wajerumani. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910, mbali na Gazi, akiwa mhamishwa kama baba yake.

Wahenga walinena kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mbaruk hakukosa ushujaa, wala Mwele haukukosa miti ya kujificha. Kilichokosekana ni nyumba moja. Sisi tunaosoma historia ya pwani tusiishie kuhesabu mizinga ya Rawson; tuulize pia ni nani, miongoni mwa jamaa, aliyekuwa amesimama nyuma yake.