Thomas Watson: Kutoka bucha iliyofilisika hadi zabuni za serikali

Thomas Watson alizaliwa Februari 17, 1874 huko Campbell, jimbo la New York, Marekani. Alianza biashara akizunguka vijijini na mkokoteni wa farasi, akiuza piano na vyerehani. Baadaye alifungua bucha mjini Buffalo, ikafilisika. Alipokwenda kukabidhi deni la mashine ya kuhesabia mauzo aliyoinunulia bucha hiyo, aliomba kazi kwa waliomuuzia, kampuni ya NCR. Mwaka 1896 akawa muuzaji wao.

Huko alijifunza pia ushindani mchafu. Kwa fedha za siri za mwajiri wake, alifungua biashara ya mashine kuukuu iliyokusudiwa kuwaondoa washindani sokoni. Mwaka 1913 yeye na wakubwa wake walihukumiwa kifungo. Hukumu ilitenguliwa kwenye rufaa mwaka 1915, lakini alikuwa ameshafukuzwa kazi.

Mwaka 1914 alichukuliwa na kampuni iliyotengeneza mizani, saa na mashine za kuchambua takwimu kwa kadi zenye matundu. Mwaka 1924 ikaitwa IBM. Mashine za kadi hazikuuzwa. Zilikodishwa, mafundi wa kampuni wakazihudumia, na mteja akalazimika kununua kadi hapo hapo.

Uchumi ulipoanguka miaka ya 1930, Watson hakufunga viwanda. Mashine zikajaa ghalani bila mteja, na kampuni ikawa hatarini. Mwaka 1935 Marekani ikapitisha sheria ya hifadhi ya jamii, na zikahitajika kumbukumbu za wafanyakazi milioni 26. IBM ilikuwa na mzigo tayari, ikapata mkataba.

Hata hivyo, mwaka 1936 Mahakama ya Juu ilizuia kampuni hiyo kuwalazimisha wateja kununua kadi zake pekee. Mwaka 1951 mshindani wake, Remington Rand, alikabidhi kompyuta ya UNIVAC kwa Ofisi ya Sensa, mteja wa zamani wa mashine za kadi. IBM ilijibu mwaka 1952 kwa kompyuta yake, 701, kwa msukumo wa mwanawe Watson.

Januari 1956 kampuni ilikubaliana na serikali kuuza mashine zake, si kuzikodisha tu. Mwezi Mei mzee akamkabidhi mwanawe uongozi. Alifariki Juni 19, akiwa na miaka 82.

Kwa mfanyabiashara, maisha yake yana mafunzo mawili: zabuni kubwa humfuata mwenye mzigo ghalani na fundi wa kurudi kesho, na mteja aliyefungwa kwa lazima, ipo siku atafunguliwa.