Elijah Masinde, mwanasoka aliyepelekwa Mathari

Wewe unayevuka daraja la Malaba wikendi kwenda kutazama mechi upande wa Uganda, jina Elijah Masinde pengine umelisikia kwa babu, likitajwa na unabii. Lakini je, unajua jamaa alikuwa mwanasoka? Alizaliwa karibu mwaka 1910 huko Kimilili, akawa nahodha wa timu ya kwao, na mwaka 1930 akaichezea Kenya katika Kombe la Gossage, lile lililoanza 1926 kwa kuzikutanisha Kenya na Uganda.

Soka haikuwa na pesa enzi hizo. Masinde alifanya kazi ya kuwapelekea watu samansi za mahakama ya wenyeji. Kanisa la Quaker, lililomlea, lilimtimua alipooa mke wa pili.

Miaka ya 1940 ndipo moto ukawaka. Yeye na wenzake walianzisha Dini ya Msambwa: watu warudie ibada za wahenga, nao Wazungu waende kwao, waache ardhi. Masinde alikataa waziwazi amri za kazi za lazima. Akafungwa. Halafu serikali ikaona jela haitoshi, na mwaka 1945 ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Hebu fikiria: mtu anadai shamba, anaambiwa ni mwendawazimu! Kwangu mimi hilo ni baya kuliko kifungo, kwa sababu mfungwa angalau husikilizwa kortini. Mathari alikaa hadi 1947.

Alipotoka hakupoa hata kidogo. Septemba mwaka huohuo aliongoza maelfu hadi Chetambe, Lugulu, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na Waingereza mwaka 1895. Kisha, Februari 10, 1948, polisi waliwafyatulia risasi waumini pale Malakisi, ambako si mbali na Malaba. Watu 11 walikufa. Siku chache baadaye Masinde alinaswa, dini ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu, baadaye Marsabit.

Uhuru ulipokuja ungedhani yamekwisha, sivyo? Wapi! Serikali ya Kenyatta nayo iliipiga dini hiyo marufuku 1968, na mzee akarudi jela. Aliachiliwa 1978, Moi alipoingia madarakani. Alifariki 1987. Ukipita Kimilili leo, waumini wake bado utawakuta.