Mtemi Mirambo wa Urambo

Katika habari za Unyamwezi wa karne ya 19, hakuna mtawala aliyevuma kuliko Mtemi Mirambo. Alizaliwa yapata mwaka 1840, akarithi utemi mdogo wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Siku zile mali ya nchi ilipita katika njia ya misafara: pembe za ndovu zikienda pwani, bunduki, baruti na nguo zikiingia bara. Mirambo alitambua kwamba aishikaye njia ndiye atozaye hongo na kupata silaha. Basi alikusanya vijana wa makabila mbalimbali, walioitwa rugaruga, akawatiisha watemi wengi wadogo, wengine kwa mapatano, wengine kwa kuchomewa vijiji vyao.

Mwaka 1871 aligombana na wafanya biashara Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya Ujiji. Vita vilidumu miaka kadhaa, wala hawakuweza kumwondoa. Mwishowe walipatana naye.

Lakini dola hiyo ilisimama juu ya mtu mmoja. Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Ndugu yake Mpandashalo alimrithi, lakini waliotii kwa hofu walijitenga, na kabla ya miaka 10 kutimia dola ilikuwa imevunjika.

Sisi leo tunatimiza miaka 10. Tumeishika mizani ya mazao yetu kama yeye alivyoishika njia. Basi tulinde sheria ndogo za chama, daftari za hesabu na mkutano mkuu, ili viongozi wakiondoka, chama kibaki.